Nataka kuishi kwa kuandika riwaya za kisayansi kwa Kiswahili. Nianzie wapi?

FundiWaMlowo, Songwe

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwa mliotangulia kwenye uandishi, hasa mnaojitegemea bila kampuni ya uchapishaji.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda hapa Mlowo kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Nimemaliza mswada wa riwaya ya kisayansi, kurasa karibu mia tatu. Kisa kwa kifupi: kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lililoanguka huku kwetu kutoka angani, kinaanza kutoa mawimbi. Simu zilizokufa kwenye kibanda cha fundi mmoja zinapokea ujumbe uleule, saa ileile ya usiku, na ujumbe wenyewe unaeleza mambo ambayo bado hayajatokea.

Nilipeleka kwa mchapishaji mmoja. Alinipokea vizuri, ila akasema anachotafuta ni vitabu vya shule, na kwamba mambo ya anga kwa Kiswahili hayana wanunuzi. Matbaa wameniambia kwa kopi 500 niandae milioni tatu na ushee. Rafiki yangu mmoja anasema weka Amazon, mwingine anasema anza Facebook, wa tatu anasema subiri tuzo. Mama watoto anauliza huu umeme ninaowasha hadi usiku wa manane utarudisha hela yake lini.

Kuna mtu hapa anayeishi kwa kazi hii? Natamani nifunge kibanda miezi kadhaa nikae niandike tu. Mwanzo wa sura ya kwanza huu hapa, semeni ukweli:

"Ilikuwa saa nane usiku katika makao makuu ya NASA jijini Houston. Profesa Richard alikodoa macho kwenye kioo kikubwa cha kompyuta. 'Haiwezekani!' alifoka. Mawimbi ya ajabu yalikuwa yakitoka katika bara la Afrika."

KakaJabali, Mwanza

Mkuu usifunge kibanda. Watanzania hatusomi, tunasoma matokeo ya mpira na mkeka basi. Hizo milioni tatu nunua spea.

BiTarakimu, Tanga

Kaka Jabali, Watanzania wanasoma mpaka wanagombana na waume zao. Wanasoma kwenye simu, kitandani, taa imezimwa. Nawajua kwa sababu wananilipa.

Fundi, mimi naandika hadithi za kisayansi kwa Kiswahili na nauza. Zamani nilikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, sasa nina steshenari yangu Ngamiani, natoa kopi, napiga chapa mitihani ya shule za jirani. Hadithi zinalipa kodi ya pango na ada, steshenari inalipa unga na samaki. Mwezi mwingine inageuka kinyume. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, watu wapo. Ila katika wote ninaowafahamu, hakuna anayeishi kwa kuuza kitabu. Wanaishi kwa kuuza sehemu.

Biashara yenyewe iko hivi. Unaweka sehemu za mwanzo bure kwenye ukurasa wako wa Facebook au kwenye majukwaa kama hili, kila siku, saa isiyobadilika. Mimi saa tatu usiku, watoto wakishalala. Kila sehemu maneno kama elfu moja, unakata pale ambapo msomaji hawezi kuweka simu chini. Ukifika sehemu ya kumi au zaidi kidogo unasema: anayetaka kuendelea alipie, aingie kwenye grupu la WhatsApp. Shilingi elfu moja hadithi nzima. Wapo wanaotoza elfu mbili, wapo wanaotoza mia tano kwa wiki. Anatuma kwa lipa namba, anakutumia picha ya muamala, admini anamwingiza. Grupu moja mwisho wake watu 1,024, na hilo lisikuumize kichwa, hutafika huko kesho wala keshokutwa.

Sasa mali yako ni nini hapo? Wengi wanadhani ni hadithi. Mimi nina kaunta buku, zile ngumu zenye jalada jekundu na jeusi, nimechora mistari kwa rula: jina, namba ya simu, mji, hadithi alizolipia, na sehemu aliyoishia kama aliacha katikati. Ukurasa ukifungwa leo, daftari lipo. Simu ikiibiwa, daftari lipo. Nikianza hadithi mpya sipigi kelele mitandaoni, naandikia watu wa kwenye daftari kwanza, mmoja mmoja na jina lake: "Dada Zuhura wa Muheza, ile hadithi ya mita ilikukera mwisho wake, hii nadhani utaipenda." Huyo analipa kabla sijaanza. Mwandishi wa kujitegemea asiye na daftari hana anachokitegemea.

Kuhusu kusema sayansi haina soko. Mwaka 2024 mnakumbuka shughuli ya kuingiza tarakimu mpya kwenye mita za LUKU, hizi za kulipia umeme kabla, mwisho tarehe 24 Novemba? Mtu ananunua umeme, badala ya fungu moja la tarakimu 20 anapata matatu, mtaa mzima unapigiana simu. Watu walidhani ni mambo ya TANESCO peke yao. Sivyo. Mita za mfumo ule ni za dunia nzima. Kila tokeni, yaani fungu la hizo tarakimu za umeme, inabeba hesabu ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ni biti 24, yaani vijisanduku 24 vya sifuri au moja, ambazo mwisho wake ni dakika 16,777,216. Gawanya uone, unafika Novemba 2024. Hapo hesabu inajaa, inarudi sifuri.

Mimi niliposoma hayo niliacha mashine ya kopi inatoa karatasi peke yake. Jioni nikaanza: bibi mmoja wa Chumbageni anagoma kuingiza tarakimu mpya, anasema hao ni matapeli. Usiku wa tarehe 24 hesabu inajaa kwenye mita yake. Asubuhi, ndani ya nyumba hiyo tu, ni tarehe 1 Januari 1993. Nje ni 2024, bodaboda zinapita. Ndani, mumewe aliyezikwa miaka mingi yupo kitini anasikiliza redio, anauliza chai iko wapi.

Sikueleza nadharia yoyote ya kusafiri katika wakati. Nilieleza mita. Na maswali yaliyokuja kwenye grupu, jamani! Mmoja anauliza friji lililonunuliwa 2015 limekwenda wapi. Mwingine anataka kujua mjukuu aliyezaliwa 2010 akivuka kizingiti anakuwaje. Mzee mmoja mstaafu wa mambo ya umeme akaandika: "Bi, mwaka 1993 nyumba hiyo haikuwa na LUKU, ilikuwa na ile mita ya kisahani kinachozunguka. Sasa kinachohesabu ni nini?" Swali hilo nilikuwa nalisubiri kwa hamu, sehemu ya tisa yote ilikuwa jibu lake. Hao ndio watu wasiopenda sayansi?

Sasa mwanzo wako. Kwanza, makao makuu ya NASA yako Washington. Houston kuna kituo cha kuongozea safari za wanaanga. Wasomaji wa hadithi hizi wanapekua, watakukamata hapo hapo na hutawapata tena. Pili, na hili ndilo kubwa, Profesa Richard anatafuta nini kwenye hadithi yako? Kimondo kipo Mbozi. Chuma kitupu, kama asilimia tisini, kinachobaki karibu chote ni nikeli, uzito wanakadiria zaidi ya tani kumi, na shimo la kuangukia halionekani. Tani zote hizo zimetoka mbinguni hazikuacha shimo! Wewe umekaa jirani na swali hilo maisha yako yote, halafu msomaji unamkatia tiketi ya ndege kwenda Marekani.

Kibanda usifunge. Sikuambii kwa ajili ya hela tu. Unachokijua kuhusu maza bodi, blowa, shoti, simu iliyoingia maji, hakuna mwandishi wa Kiswahili anayekijua kwa mikono. Ukifunga utaanza kuandika kutoka kwenye filamu, na dalili umeshaanza kuzionyesha.

MwanaNgomeni, Malindi

Salaam kutoka pwani ya Kenya. Fundi, Bi Tarakimu amesema kweli kuhusu kuanzia nyumbani. Mimi nimekulia Ngomeni. Ukisimama ufukweni waziona kule baharini zile jukwaa za chuma za San Marco ambazo Waitaliano walirushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, walirusha setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na ikaitwa Uhuru kwa sababu hiyo. Roketi ya mwisho ilikuwa 1988. Babu zangu wakivua huku vyombo vinapaa juu ya nyavu zao, na watu wangali wanatuambia sayansi ya anga si mambo yetu.

Nikuongezee kuhusu Amazon, maana nimepita huko kwa vitabu vyangu vya Kiingereza. Ukiuza kitabu cha kielektroniki kati ya dola 2.99 na dola 9.99 waweza kupata mrabaha, yaani fungu la mwandishi, wa asilimia 70. Chini au juu ya hapo ni 35. Haya, mauzo ya soko la Marekani yanakatwa kodi ya asilimia 30 kule kule, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania vilevile. Piga hesabu ya kitabu cha dola 2.99: mrabaha kama dola 2.09, kodi ikitoka yabaki dola 1.46, bado gharama za kuleta hizo pesa hadi mfukoni mwako. Wakati huo msomaji wako wa Mlowo hana kadi ya kununulia.

Kila mtu atakutajia Andy Weir, yule mwanaprogramu aliyekuwa akiweka riwaya yake ya Mars sura baada ya sura bure kwenye tovuti yake, kisha akaiuza senti 99, mwaka 2015 ikawa filamu. Ni kweli. Lakini tazama kilichotangulia: alikuwa na wasomaji waliokuwa wakimfuata na kumsahihisha hesabu zake kabla hajauza chochote. Ndilo daftari la Bi Tarakimu, kwa sura nyingine.

Ukijaliwa Kiingereza, hadithi fupi zina soko. Omenana, jarida la hadithi za namna hii za Waafrika, lilianza 2014. Clarkesworld la Marekani hulipa zaidi ya senti kumi za dola kwa neno, yaani hadithi ya maneno elfu nne yavuka dola mia nne. Ushindani ni mkali ajabu, na Februari 2023 walifunga mlango kwa muda kwa kuwa walifurikwa na hadithi zilizotungwa na mashine. Mimi hutuma, hukataliwa, nikatuma tena. Hiyo kwangu ni pesa ya msimu, kama kusi na kaskazi.

FundiWaMlowo

Shikamoo Bi Tarakimu. Asanteni sana, na kaka wa Malindi pia. Ya NASA yameniingia. Naomba kuuliza mawili. Tuzo vipi, nisitume kabisa? Na je, mswada huu wa kurasa mia tatu niukate vipande niuingize kwenye grupu, au niandike kingine?

MzeeWaMatbaa, Ilala

Vijana, na wewe bibie wa Tanga, nimewasoma wote. Mimi nimepanga herufi na kukunja fomu tangu enzi za vitabu vya mfukoni, vile unavyoingiza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Mnazungumzia kujitegemea kama jambo la juzi. Marehemu Ben Mtobwa alikuwa na Heko Publishers yake mwenyewe, na hakuwa peke yake. Waandishi wa riwaya za upelelezi walikuwa wanakaa na sisi matbaa mpaka usiku, wino ukiwa mbichi wanabeba mafurushi kupeleka kwa wauza magazeti. Vitabu vikiuzwa standi ya basi, mtu akipanda basi la kwenda Moshi ana kitabu na chungwa.

Fundi, kopi 500 za kitabu kinene usichape. Karatasi haziozi lakini zinakula chumba, panya nao hawachagui mwandishi. Andika kisa kifupi. Kurasa 64 za saizi ndogo ni fomu nne za kurasa kumi na sita, unapiga pini katikati, hakuna gundi, hakuna gharama ya kushona. Mashine za dijitali siku hizi zinakutolea hata kopi hamsini, uze, urudi. Jalada ndiyo utoe hela: gramu 250, rangi, mchoraji alipwe. Mtu wa standi ananunua jalada.

Na namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, uende Bodi ya Huduma za Maktaba, usinunue kwa madalali wa mtandaoni. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, ndivyo sheria yetu ya 1999 inavyosema, lakini kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, upate karatasi. Siku ya ugomvi karatasi inaongea.

msomaji_wa_zamu

Mimi siandiki, nalipa. Ni muuguzi, zamu za usiku wodi ikitulia nasoma. Nilikuwemo kwenye ile ya mita, na sikuwahi kujiita mpenzi wa hadithi za sayansi hata siku moja, niliambiwa kuna bibi kagoma kuingiza umeme nikacheka nikaingia.

Kaka fundi nikwambie kinachotufukuza. Mwandishi anafika sehemu ya ishirini na kitu, patamu, anatoweka. Siku tatu kimya, wiki kimya, kisha anarudi na hadithi mpya anadai elfu nyingine. Huyo hata akiandika kwa wino wa dhahabu simpi tena. Kingine ni kurefusha: sehemu nzima mtu anafungua mlango tu. Na majina ya Richard na Jennifer hapana, tunayo ya kutosha kwenye filamu zilizotafsiriwa.

Simu zilizokufa kupokea ujumbe, hiyo nimeipenda. Ninayo moja ya marehemu mama kabatini.

BiTarakimu

Marahaba mwanangu fundi. Mzee wa Matbaa, shikamoo, maneno yako ya kurasa 64 nayachukua mimi mwenyewe.

Tuzo tuma. Kuna ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, washindi wanatangazwa tarehe 13 Aprili, mshindi wa kwanza wa riwaya anapata milioni kumi. Kuna na ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikawa ya Safal, jumla ya zawadi zake ilipoanza ilikuwa dola 15,000. Sasa sikiliza: masharti ya kila tuzo kuhusu kazi iliyokwisha kutoka hadharani yasome kwa kituo, mstari kwa mstari, kabla hujamwaga sura hata moja mtandaoni. Kwa hiyo swali lako la pili limejijibu. Huu mswada mkubwa usiukate. Mtoe Richard, uupumzishe, uusome tena, kisha upeleke kwenye tuzo na uusahau. Kusubiri tuzo si kazi, wala haina mshahara.

Kwa ajili ya grupu andika kisa kingine cha fundi huyohuyo. Sehemu ishirini, si zaidi. Kimondo kiwe mbali, kama mlima unaouona tu kwa dirisha. Simu moja, mteja mmoja, ujumbe mmoja. Zimalize zote ishirini kabla hujaweka ya kwanza hadharani, hapo dada wa zamu hatakuja kukusema vibaya. Wengi wetu tunaandika usiku huohuo tunaopeleka. Inachosha, na malaria ya siku mbili tu inakutia aibu mbele ya watu waliokulipa. Zikiwa tayari, mzee anakufungia kitabu cha pini, unauza mara ya pili kwa wale wanaopenda kushika karatasi. Kwangu hawa wa mara ya pili ni walimu na watu wa makamo, wananunua kopi mbilimbili kwa ajili ya zawadi.

Watakuja vijana wa kusoma simulizi kwa sauti YouTube, watakwambia wape hadithi "wakutangaze". Waandikie makubaliano, hata ya ukurasa mmoja: jina lako litajwe mwanzoni, hela igawanywe hivi, na hadithi iwe imeshamaliza kuuzwa kwenye grupu. Ukitaka kufungua chaneli yako mwenyewe, kwanza ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, habari ya leseni ya maudhui ya mtandaoni. Usije ukaanza kupata hela ndiyo ukaulize.

Na kuhusu hizi mashine zinazotunga. Msomaji mmoja alinituhumu mwaka jana kwamba ninatungiwa. Sikubishana, nilimtumia picha ya rasimu yangu ya mkono, mchuzi umemwagikia juu. Rasimu zako weka.

FundiWaMlowo

Nimekaa jana usiku nimejaribu. Mwanzo mpya wa hicho kisa kifupi:

"Kitochi cha mama Sekela kilikuwa na wiki ya pili kwenye kopo la siagi, hakina betri, hakina kava, kimebaki bodi na kioo. Saa nane na dakika kumi usiku kioo kiliwaka. Nilikuwa nalala kibandani siku hizo kwa sababu kufuli lilikuwa limekatwa. Sikusoma ujumbe kwanza. Nilichukua multimita nikagusa vichwa vya betri, nyekundu huku, nyeusi huku. Ikasoma sifuri. Nikabadilisha waya nikidhani zimelegea. Sifuri. Kioo kilikuwa kinawaka."

msomaji_wa_zamu

Yesu wangu. Endelea.

BiTarakimu

Hiyo multimita imenikamata. Mtu anayeona maajabu akapima kwanza, huyo namfuata popote, kwa sababu ndivyo fundi alivyo. Usibadilishe.

Vidogo viwili tu. "Siku hizo" inapunguza kasi, iondoe. Na laini ya simu? Sema mapema kama ilikuwemo au haikuwemo, maana hilo ndilo swali la kwanza litakaloulizwa, na ukilijibu sehemu ya pili watakuwa wameshagombana usiku kucha kwenye maoni, jambo ambalo ni zuri. Kwa hiyo usiseme. Nimebadili mawazo nikiandika hapa hapa. Acha wagombane.

KakaJabali, Mwanza

Haya, tuseme anauza. Mtu mmoja analipa elfu, anakopi zote ishirini anamwaga kwenye magrupu mengine bure. Atamshtaki nani?

FundiWaMlowo

Hilo hata mimi linaniumiza kichwa.

BiTarakimu

Wanaiba, ndiyo. Zangu nimezikuta zimebandikwa kwenye kurasa za watu, jina langu limefutwa. Mwanzoni nilikuwa naghadhibika hadi silali, sasa nina utaratibu. Jina langu na namba ya kulipia haviko mwisho wa sehemu, hapo vinafutwa kirahisi. Vimo ndani ya kisa. Bibi wa mita ana mjukuu mwenye steshenari, na namba iliyobandikwa mlangoni mwa steshenari hiyo ndiyo namba yangu ya biashara. Mwizi mvivu hasomi, anabandika tu. Wapo wateja walionipigia wakisema wameikuta hadithi mahali fulani, mwizi kaishia sehemu ya kumi na mbili, wanataka iliyobaki.

Zaidi ya hapo, wanaolipa hawalipii maandishi peke yake. Wanalipia kuwa wa kwanza, na kubishana na mwandishi yupo anasikia. Nikimaliza kutuma saa tatu nakaa hewani hadi saa nne, najibu. Hicho hakikopiki. Anayemwaga bure namtoa kwenye grupu, namwekea alama nyekundu kwenye daftari, basi. Mtu akichapa kitabu changu akauza ndipo ninapokwenda na karatasi ya COSOTA.

Fundi, kwa wewe unayeanza, mwizi si tatizo la mwaka huu. Wewe bado hujulikani, tafuta watu hamsini wa kwanza. Unao tayari. Kila anayekuja kuchukua simu iliyopona, kabla hujamkabidhi muulize kama anapenda kusoma hadithi. Akisema ndiyo, mbele yake, iandike namba.

MwanaNgomeni

Na sisi wa ng'ambo ya mpaka tutalipaje hiyo elfu moja?

BiTarakimu

M-Pesa ya Kenya inatuma kwenye M-Pesa ya Vodacom huku tangu 2015, ila kwa kiasi kidogo hivyo makato yanakula. Wangu wa Mombasa na Lungalunga wanajikusanya, mmoja anatuma kwa niaba ya wote, ananiletea orodha ya majina. Fundi atafute laini ya Voda kama hana, na kwenye daftari aache safu ya nchi.